Kambi isiyo na zizi humrudisha mkimbizi hatarini

Mbau iko kilomita zipatazo 20 kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye barabara ya taifa nambari 4, pale inapokutana na barabara inayokwenda Kamango na mpaka wa Uganda. Kila mara vijiji vya pembeni vinaposhambuliwa, watu hutokea kwenye njia panda hiyo na kile walichowahi kuokoa: godoro kichwani, mtoto mgongoni, sufuria mkononi, chukudu iliyopakiwa gunia la mihogo na kuku waliofungwa miguu. Mwenye bahati huwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba kuna mbuzi.

Watu wenyewe hupata pa kulala. Hupata kwa shida, lakini hupata: kwa ndugu, kwa mtu wa kanisa moja, darasani, chini ya turubai. Wakaaji wa Mbau, Oicha na Beni wamewapokea wenzao kwa zaidi ya miaka 10 sasa, na bila ukarimu huo hakuna lori la msaada ambalo lingetosha. Lakini lipo swali moja lisilo na mwenye kulijibu. Mbuzi alale wapi?

Swali hilo linaweza kuonekana dogo, hata la kuchekesha, mahali ambapo watu wanauawa kwa mapanga. Si dogo. Kwa familia nyingi, jibu lake ndilo linaloamua kama mkimbizi atabaki penye usalama au atarudi kijijini kabla ya wakati, na kama baada ya miezi sita atakuwa na kitu cha kuanzia maisha au atakuwa bado anangoja mgao. Kila eneo linalotengwa kupokea wakimbizi wa ndani katika wilaya ya Beni linapaswa kuwa na mahali pa mifugo, palipopimwa na kutayarishwa kabla watu hawajafika. Wakati wa kufanya hivyo ni sasa, si siku ya kukimbia.

Mali yenye miguu

Mkulima wa sekta ya Beni-Mbau anaishi kwa shamba: mihogo, ndizi, maharagwe, mpunga, na kakao inayomletea fedha. Shamba halikimbii. Siku ya hatari kakao hubaki mtini, na mara nyingi anayeivuna ni mtu mwingine. Nyumba nayo haikimbii. Katika mali yote ya familia, mifugo peke yake ndiyo yenye miguu.

Na mifugo hiyo si pambo la uani. Mbuzi ni benki ya watu wasio na benki. Mtoto akilazwa hospitalini, mbuzi huuzwa. Karo ya sekondari ikidaiwa, mbuzi huuzwa. Kwa Wanande mahari yenyewe huhesabiwa kwa mbuzi, hata pale inapolipwa kwa fedha. Jike hubeba mimba kwa miezi mitano tu na mara nyingi huzaa mapacha. Familia iliyokimbia na majike wawili, ikiweza kuwatunza, inaweza kuwa na kundi dogo kabla ya mwaka wa pili kwisha. Familia iliyowauza wiki ya kwanza itakuwa imekwisha kula bei yao zamani.

Wapo wadogo zaidi: kuku, bata, sungura, na simbiliki, wale wanyama wasio na mkia wanaofugwa jikoni na kulishwa majani. Hao mara nyingi huwa mikononi mwa wanawake na watoto, na ndio nyama ya nyumbani siku ambayo hakuna fedha ya soko. Wapo nguruwe pia. Ng'ombe ni wachache upande huu wa msitu. Farasi hawaonekani kabisa, kwa sababu msitu na mbung'o haviwapi nafasi ya kuishi.

Mambo matatu yanayotokea

Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yanayohusishwa na waasi wa ADF yameiandama wilaya ya Beni. Eneo lililo kati ya Mbau, Eringeti na Kamango lilipewa jina la pembetatu ya kifo. Kwenye barabara hiyo hiyo ya Mbau hadi Kamango, karibu na mto Semliki, ndipo kambi ya MONUSCO iliposhambuliwa tarehe 7 Desemba 2017 na walinda amani 15 wa Tanzania wakapoteza maisha. Jeshi la taifa FARDC lilianzisha operesheni Sukola 1 mwaka 2014. Utawala wa kijeshi ukatangazwa katika Kivu Kaskazini na Ituri mwezi Mei 2021. Majeshi ya Uganda yakaingia mwishoni mwa Novemba 2021 katika operesheni Shujaa. Katika miaka hiyo yote watu wamekimbia, wamerudi, na wamekimbia tena. Wapo wasiohesabu tena ni mara ngapi.

Katika kukimbia huko, mambo matatu huipata mifugo.

La kwanza, huuzwa kwa bei ya kutupa. Aliyefika barabarani na mbuzi hana malisho wala zizi, na mwenye nyumba aliyempokea ana bustani ya maharagwe nyuma ya jiko. Mnunuzi anayajua hayo yote. Anajua pia kwamba wauzaji ni wengi siku hiyo hiyo. Basi bei haipangwi na uzito wa mnyama, inapangwa na shida ya mwenyewe. Mbuzi aliyefugwa mwaka mzima huishia kuwa unga wa siku chache.

La pili, huleta ugomvi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mbuzi wa mgeni hangoji siku ya tatu, huingia shambani mwenyewe. Kwa usiku mmoja anaweza kumaliza mchicha na maharagwe ya familia ile ile iliyotoa chumba. Magombano kati ya waliopokea na waliopokelewa mara nyingi huanzia kwenye vitu vya kila siku kama kuni, maji, choo na mbuzi. Yakiachwa huzaa maneno ya "hawa" na "wale", na mahali penye vita maneno hayo ni sumu.

La tatu ndilo baya kuliko yote. Mifugo huachwa kijijini, na mwenyewe hurudi kuiangalia. Kila mtu wa Beni anajua habari ya aliyetoka asubuhi kwenda kijijini "mara moja tu" na hakurudi. Wengi huenda kutafuta chakula shambani, na wengine huenda kufungua mbuzi waliobaki kwenye kamba, kulisha nguruwe au kukusanya kuku. Wenye silaha nao huingia vijiji vilivyoachwa wazi kutafuta chakula na mifugo. Mwenye mbuzi na mwenye panga hukutana uani, na mmoja wao hatoki.

Basi anayemwambia mkimbizi "acha wanyama, okoa roho yako" husema neno la kweli, lakini amesema nusu yake tu. Atakayeacha wanyama leo atajaribu kuwarudia kesho kutwa. Njia ya kumzuia asirudi ni kumpa mahali pa kuja nao.

Vipimo vya watu peke yao

Si kwamba elimu haipo. Mashirika ya misaada duniani hufuata vipimo vinavyojulikana kwa jina la Sphere. Vinataka kambi iwe na mita za mraba 45 kwa kila mtu, ukihesabu vibanda, njia, vyoo na huduma za pamoja, na maji yasipungue lita 15 kwa mtu kwa siku. Ni vipimo vizuri, lakini ni vya watu. Katika mashariki mwa Kongo mara nyingi hata hizo mita 45 hazipatikani. Anayegawa nafasi iliyo ndogo kwa watu wenyewe hawezi kumkumbuka mbuzi, ila kama mtu amemkumbusha mapema.

Tangu 2009 upo mwongozo wa pili, uitwao LEGS, ulioandikwa kwa ajili ya mifugo wakati wa majanga. Toleo lake la tatu lilitoka 2023. Mwongozo huo unaeleza jinsi ya kununua mifugo mapema kabla haijafa au kupoteza bei, kuitibu, kuilisha, kuipatia maji na mahali pa kukaa, na mwisho kuwarudishia mifugo wale walioipoteza. Hakuna jambo katika hayo lisilowezekana Mbau.

Tatizo ni kwamba mwongozo huo hukumbukwa zaidi katika nchi za wafugaji, kama kaskazini mwa Kenya, Ethiopia na Somalia. Beni inahesabiwa kuwa nchi ya wakulima, na kwa hiyo mifugo yake haionekani. Mwenye ng'ombe 100 huitwa mfugaji, na shirika humtafutia mtaalamu. Mwenye mbuzi 3 huitwa mkulima aliyekimbia, na mbuzi wake hawaandikwi popote. Orodha za wanaowasili huandika watu: wanaume, wanawake, watoto, wazee, wajawazito. Ni mara chache mtu kuuliza ni nini kimekuja kwa kamba.

Hata sheria za kimataifa zinaelekea huko. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 21 kwamba mali ya watu hao haitanyang'anywa ovyo, na ile waliyoiacha nyuma ilindwe. Mtu hawezi kudai kwamba analinda mali ya mkimbizi huku mali pekee aliyofika nayo ikiuzwa kwa nusu bei mbele ya mlango wa kambi.

Wengine walijifunza kwa hasara

Beni haiko peke yake katika jambo hili. Watu wa Darfur walipokimbilia mashariki mwa Chad mwaka 2003 na 2004, wengi walifika na punda, ngamia, mbuzi na farasi wao. Makambi yalipangwa kwa watu, katika nchi kavu yenye maji machache. Mifugo mingi ilikufa njiani na kando ya makambi, na iliyobaki ikawa chanzo cha mivutano na wenyeji juu ya malisho na visima. Miaka michache baadaye, 2011 na 2012, wakimbizi wa Blue Nile ya Sudan waliingia eneo la Maban, Sudan Kusini, wakiswaga makundi yao. Hapo tena swali la nani anakunywa wapi na nani analisha wapi likaja kushughulikiwa watu wakiwa wamekwisha kupiga kambi, na wenyeji wamekwisha kukasirika.

Somo hilo si la Afrika peke yake. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwezi Agosti 2005, watu wengi walikataa kupanda magari na mashua za uokoaji kwa sababu wanyama wao hawakuruhusiwa. Wengine walikufa majumbani pamoja nao. Mwaka uliofuata, Oktoba 2006, Marekani ilipitisha sheria inayotaka mipango ya dharura ya majimbo na miji iwahesabu wanyama wa nyumbani na wale wanaowasaidia walemavu. Sheria hiyo haikutungwa kwa kuwaonea wanyama huruma tu. Ilitungwa kwa sababu ilionekana wazi kwamba asiyemwokoa mnyama hamwokoi mwenyewe.

Katika jimbo la California, ambako watu hufuga farasi kama Beni inavyofuga mbuzi, jambo hilo limekuwa mazoea. Nchini humo zipo kambi za matembezi zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wanaosafiri na farasi, zenye nguzo za kuwafungia, maji, na mahali pa kutupa samadi mbali na mahema. Moto wa msituni unapokuja, ujuzi huo huo huhamishiwa kwenye viwanja vya maonyesho. Mwezi Oktoba 2007, moto ulipozunguka San Diego, uwanja wa Del Mar uligeuzwa kuwa zizi la farasi waliohamishwa, na wenye farasi hawakuwa na sababu ya kubaki nyuma.

Beni haina fedha za California. Lakini mkulima wa Mbau na mwenye farasi wa San Diego wana sababu moja ya kukawia kuondoka, na dawa yake ni moja: mahali panapojulikana mapema, pa kwenda na mnyama.

Pingamizi zenye uzito

Zipo sababu nzuri za kusita, na zinastahili kujibiwa.

Ya kwanza ni ardhi. Karibu na barabara, kila kipande kina mwenyewe. Upande wa mashariki kuna Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, ambako kuchunga mifugo ni marufuku. Ni kweli kwamba hakuna malisho ya bure Mbau. Lakini zizi si malisho. Zizi la usiku la mbuzi 50 linatosha katika eneo la mita 10 kwa 10. Chakula kinaweza kuletwa kwao badala ya wao kuzururishwa mashambani, kama watu wa mjini wanavyofanya kwa mbuzi wao wa uani.

Ya pili ni maradhi. Kukusanya mbuzi kutoka vijiji kumi mahali pamoja ni kualika sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa unaoweza kufyeka kundi zima, na ambao dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo 2030. Homa ya nguruwe ya Afrika nayo haina tiba. Beni, iliyopita katika Ebola kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, inajua vema maana ya maambukizi. Lakini mifugo imekwisha kukusanyika hata sasa, bila mpango: chini ya veranda, nyuma ya makanisa, ndani ya vyumba wanamolala watoto. Mahali palipotengwa ndipo daktari wa mifugo anapoweza kuwaona, kuwatenga wagonjwa na kuwachanja wazima. Chanjo ya sotoka ya mbuzi hukinga kwa muda wa miaka isiyopungua mitatu. Hatari ya ugonjwa ni sababu ya kuwa na zizi lenye utaratibu, si sababu ya kukosa zizi.

Ya tatu ni usalama. Kundi la mbuzi linaweza kuwavuta waporaji. Hofu hiyo ni ya kweli, na kwa hiyo zizi haliwezi kuwekwa ukingoni mwa msitu wala mahali pasipopitiwa na doria. Liwe ndani ya eneo linalolindwa, kuchunga kuwe mchana tu, na makundi yawe madogo madogo. Mbuzi 40 katika mazizi manne hawaonekani kama mbuzi 40 katika moja.

Ya nne husemwa kwa sauti ya chini: watu kwanza, wanyama baadaye. Lakini hakuna anayeomba mbuzi apewe nafasi ya mtoto. Sphere yenyewe inakadiria lita 5 za maji kwa siku kwa mnyama mdogo. Mbuzi watatu hunywa sawa na mtu mmoja. Kwa gharama hiyo familia inabaki na karo, dawa na mbegu ya kesho. Shirika linaloona kwamba hiyo ni anasa lifanye hesabu upya, likiweka upande wa pili gharama ya kuilisha familia hiyo hiyo kwa mwaka mzima.

Kinachoweza kufanywa

Kazi ya kwanza ni kuchagua mahali kabla ya haja. Mbau, Oicha na viunga vya mji wa Beni hupokea watu kila mara. Hakuna sababu ya kushangaa kila mara. Machifu, parokia na makanisa yenye viwanja, na wenye ardhi wanaweza kukaa na msimamizi wa wilaya na kuandika mapatano: kipande hiki kitakuwa zizi pale watu watakapokimbia, kwa muda huu, kwa masharti haya. Mwenye ardhi apate kitu. Samadi ya miezi mitatu ni malipo ambayo kila mkulima anayaelewa, na bustani iliyoharibiwa ilipwe kwa kiwango kilichokubaliwa mapema, si kwa kelele.

Pili, mahali penyewe pafuate kanuni chache. Pawe chini ya mteremko kutoka kwenye kisima, si juu yake. Choo huwekwa angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na zizi lisisogee karibu zaidi ya hapo. Pawe na kivuli, paa la majani au mabati dhidi ya mvua, na sakafu isiyotuama maji, maana kwato za mbuzi huoza kwenye matope. Nguruwe watengwe na wengine. Wanyama waliofika karibuni wakae peke yao wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wenzao.

Tatu, kuwe na vituo vya kupumzikia njiani. Kutoka Mbau hadi Beni ni mwendo wa siku nzima kwa mtu mwenye watoto na mbuzi. Katikati ya safari hiyo hakuna haja ya jambo kubwa: uzio, pipa la maji, mtu mmoja wa kuelekeza. Mtu anayejua kwamba atapumzika mahali salama na mnyama wake hauzi kwa mnunuzi wa kwanza anayemsimamisha barabarani.

Nne, chakula cha mifugo kipangwe. Maganda ya ndizi na matete yapo tele, na maganda ya mihogo pia, mradi yakaushwe kwanza, maana mabichi ya mihogo michungu yana sumu. Vijana wa kambi na wa kijiji wanaweza kukata majani na kuyauza kwa bei ndogo. Hiyo ni kazi ya kuwapa watu wawili kipato mahali ambapo kipato hakuna. Mnyama akifungwa kamba fupi na kuletewa chakula, bustani ya jirani inapona.

Tano, mifugo iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kuwasili, pamoja na majina ya watu, liandikwe jina la mwenye mnyama, idadi, rangi na alama. Kamati ndogo ya waliokimbia na waliowapokea, wanawake wakiwemo kwa kuwa wanyama wadogo huwa mikononi mwao, isimamie daftari hilo. Mwizi huogopa mahali ambapo kila mbuzi ana jina la mtu. Na siku ya kurudi kijijini, kila mmoja ataondoka na wake bila mabishano.

Sita, kuwe na mnunuzi wa haki. Si kila mtu atataka kubaki na mnyama. Mgonjwa atahitaji fedha, mjane atashindwa kukata majani. Mashirika yanayogawa chakula yanaweza kununua wanyama hao kwa bei ya soko la kawaida, wachinjwe chini ya macho ya mkaguzi, na nyama igawiwe kambini humo humo. Muuzaji anapata thamani yake, mtoto anapata nyama, na mnunuzi wa bei ya kutupa anakosa biashara.

Mwisho, huduma ya serikali ya ufugaji ipewe nafasi katika vikao vya dharura. Daktari wa mifugo asiitwe baada ya mizoga kuanza kunuka. Chanjo, dawa ya minyoo na mtu mwenye pikipiki na mafuta ya kufika Mbau ni bajeti ndogo ukilinganisha na bajeti ya msafara mmoja wa magari ya misaada.

Uamuzi uko karibu

Tangu Goma iangukie mikononi mwa M23 mwezi Januari 2025, utawala wa jimbo la Kivu Kaskazini umekaa Beni. Kwa mara ya kwanza wanaoamua mambo ya jimbo zima wako mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Mbau. Hawahitaji ripoti kutoka mbali kujua kinachotokea kwenye barabara nambari 4, kwa kuwa msafara wowote unaoelekea kaskazini unapita njia panda ile ile wanapotokea watu wenye godoro kichwani na kamba mkononi.

Uamuzi mmoja wa gavana unatosha kuanza: eneo lolote la kupokea wakimbizi wa ndani katika wilaya ya Beni lisikubaliwe mpaka ramani yake ionyeshe mahali pa mifugo, na shirika lolote linaloandikisha wanaowasili liandikishe na wanyama wao. Hakuna haja ya sheria mpya wala kungoja mfadhili. Nguzo zinakatwa hapa hapa, kamba zinasokotwa hapa hapa, na mikono ipo.

Vita havitamalizwa na zizi la mbuzi. Vitamalizwa na wale wenye jukumu la kuvimaliza, nao wanadaiwa hilo kila siku. Lakini kati ya leo na siku hiyo, vijiji vitakimbia tena. Mama atasimama uani usiku, milio ya risasi ikisikika ng'ambo ya kijito, na ataamua kwa dakika moja kama atafungua kamba au ataiacha. Akijua kwamba Mbau kuna mahali, ataifungua, atatembea, na hatakuwa na sababu ya kurudi asubuhi.